Taji la miiba linaoza shina barazani, la ukutani linachanua: ni mvua, udongo au ugonjwa?

Bint Bombo

Salaam wenzangu. Naomba mnisaidie kabla sijang'oa kila kitu nikapanda sukuma wiki.

Nakaa Bombo. Mwaka jana nilinunua miche ya taji la miiba kwa vijana wanaouza maua kando ya barabara ya Entebbe. Mingi ni ile ya kawaida, maua madogo mekundu. Michache niliilipia zaidi kwa sababu ina maua mapana ya rangi ya waridi na shina nene.

Ile ya kawaida niliipanda ardhini, ukutani upande wa barabara, kwenye kifusi kilichobaki tulipojenga: vipande vya matofali, changarawe, mchanga. Nilitaka tu mbuzi wa jirani wasipite. Hakuna anayeimwagilia wala anayeiangalia, na imechanua tangu Januari haijapumzika. Ile ya bei iko barazani kwenye jerikeni za njano zilizokatwa, nayo ndiyo inayodekezwa: udongo mweusi wa bondeni uliochanganywa na samadi, kama muuzaji alivyoelekeza, na maji kila jioni pamoja na mawaridi. Hiyo ndiyo inayokufa. Majani yalianza kuwa manjano kutokea chini, yakadondoka, zimebaki fimbo zenye miiba. Mmoja umelainika pale shina linapoingia kwenye udongo, umekuwa kahawia. Ukibonyeza, kidole kinazama kama kwenye ndizi iliyopitiliza kuiva, na maji yenye harufu yanatoka.

Mume wangu anasema huu ni dungusi kakati, mti wa jangwani, mvua za huku zimeuua, basi. Shangazi anasema mti wowote wenye maziwa ni sumu na haufai kukaa karibu na watoto. Juzi kijana wangu alivunja tawi akajipangusa shavu, pakawa pekundu hadi usiku, kwa hiyo shangazi sasa ana ushahidi na nyumbani hatulali.

Mimi nauliza: ni mvua, ni udongo, au ni ugonjwa? Huo uliolainika unaokoleka? Na kama mvua ndiyo mbaya, mbona ile ya ukutani inanyeshewa mvua hiyohiyo na haina habari?

Kijana wa Nansana

Pole dada. Hiyo ni kuvu. Nenda duka la pembejeo ununue dawa ya ukungu, unyunyizie kila wiki mpaka ikauke. Halafu ongeza mbolea, majani yakidondoka hivyo mmea una njaa.

Mzee wa Jinja

Kijana, dawa yako iweke kwanza, na hiyo mbolea iache kabisa. Mmea ambao mizizi yake imeoza utakula hiyo mbolea kwa mdomo gani?

Bint Bombo, swali lako la mwisho ndilo limebeba jibu. Mvua ni moja. Kinachotofautiana ni muda ambao maji yanakaa kwenye mizizi. Kwenye kifusi, mvua ikikatika maji yanapita kati ya matofali na mizizi inapata hewa. Kwenye jerikeni yenye udongo wa bondeni, maji ya jana hayajaondoka ya leo yanafika. Mizizi inakosa hewa, inakufa, kisha ndiyo hiyo kuvu inaingia kula kilichokufa. Kuvu ipo, Nansana hajakosea hapo, ila imekuja mazikoni. Muuaji ni mwingine.

Tangu nistaafu jeshini nauza miche hapa Jinja. Mtu akiniletea taji la miiba akisema linaumwa, namimina kopo chini kabla sijauliza lolote. Karibu kila mara nakutana na matope. Samadi ni nzuri kwa matoke na mawaridi. Huu mmea ukiupa samadi nyingi unanenepa kwa maji, unakuwa laini, unaoza upesi.

Neno jangwa ndilo linalowapoteza watu. Mtu akisikia jangwa anaona mchanga na ngamia. Kwao huu mmea ni Madagaska, na huko unaota kwenye miamba na majabali ya graniti, sehemu zenye kiangazi kirefu. Mvua inafika huko, na ikija ni kubwa, lakini inateremka kwenye jabali inakwenda zake. Aliyepita Kumi au Ngora akayaona majabali ya Teso, hapo ndipo ungejisikia nyumbani. Wazungu waliujua kupitia Baron Milius, aliyekuwa gavana wa kisiwa cha Bourbon, ambacho leo kinaitwa Réunion. Yeye ndiye aliyeupeleka Ufaransa mwaka 1821, na mwaka 1826 Charles des Moulins akauandika kwa jina lake: Euphorbia milii. Andika jina hilo ukitafuta habari kwenye simu. Ukitafuta "dungusi kakati" utapewa ushauri wa mmea mwingine.

Maana si dungusi kakati, mwambie shemeji taratibu. Wale asili yao ni Amerika, miiba yao hutoka kwenye vijivimbe vyenye manyoya, na ukikata dungusi kakati wa kawaida unaona majimaji tu. Huu una maziwa, na miiba yake inatoka pale jani linaposhikana na shina. Ukoo wake ni wa muhogo, mbarika na mti wa mpira. Ndugu yake wa karibu zaidi ni lile ua la Krismasi lenye majani mekundu, na mnyaa ambao wenzetu wa vijijini wanautumia kuzungushia boma.

Hilo la ua la Krismasi si hadithi tu. Chukua ua moja la ukutani ulitazame kwa karibu. Hivyo viwili vyekundu unavyoviita ua ni majani yaliyopakwa rangi. Maua yenyewe yako katikati, ndani ya kikombe kidogo kama kichwa cha kiberiti: la kike moja, na ya kiume ambayo kila moja ni uzi mmoja wenye chavua, basi. Pembeni ya kikombe kuna vitezi vinavyotoa asali kidogo. Ukiweka ulimi wa nyuki hapo ungeelewa kwa nini hawaondoki, ila wewe usiweke wako. Kwa kuwa ni majani, hayanyauki upesi kama petali, ndiyo maana unaona yanakaa majuma na majuma. Yale mapana uliyolipia zaidi ni ya kuchanganywa, na mafundi wake wakubwa ni Wathai. Huko wanayaita poysean, kwa jina la watakatifu wanane wa Kichina, na wanaamini maua mengi yanaleta bahati nyumbani. Kwa hiyo na bei inapanda, bahati haiuzwi rahisi.

Sasa kazi. Majani kudondoka peke yake kusikutishe. Huu mmea unatupa majani ukikosa maji, na unayatupa ukizidishiwa maji, kwa hiyo majani hayakwambii kitu. Shika shina. Likiwa gumu, na ukikwaruza ngozi kidogo kwa kucha ndani ni kijani, huo ni mzima, umejifunga tu. Lisubiri. Majani mapya yatatokea juu, kwenye sehemu changa. Usingoje fimbo ya chini ivae majani tena, haivai.

Uliolainika, chini hakuna cha kuokoa, okoa juu. Kata kwa kisu kikali sehemu iliyo juu ya uozo. Tazama ulipokata: ukiona kidoa au mstari wa kahawia, panda juu ukate tena, huku unafuta kisu kwa spiriti kila mara, mpaka uone peupe safi na maziwa yanaruka. Gawanya vipande vya urefu wa kiganja. Vichovye kwenye maji hadi maziwa yakome, kisha vilaze kivulini penye upepo, siku kadhaa hata wiki, mpaka kidonda kifanye kigaga kikavu. Watu wanaharakisha hapa. Kipande kibichi ukikitia kwenye udongo wenye maji, umerudi ulikotoka.

Udongo: mchanga wa ziwa ule wa chembe kubwa wanaotumia wajenzi, uuchekeche vumbi litoke, kokoto ndogo, na udongo wa kawaida wa shambani. Mchanga na kokoto vizidi nusu. Ukiukamata mkononi ukiwa na unyevu na kuufinya, usishikane ukawa donge.

Na jerikeni yako, naomba uigeuze uangalie kitako. Wengi wanatoboa tundu moja katikati. Jerikeni ikikaa kwenye saruji, tundu linakaa juu ya saruji, maji yatoke wapi? Choma msumari wa moto pembeni, upana wa kidole kutoka chini, pande zote nne. Halafu inyanyue juu ya vipande viwili vya tofali.

Maji: ingiza kijiti cha mshikaki hadi chini, kikitoka na udongo umeng'ang'ania, ondoka. Kikitoka kikavu, mwagilia mpaka maji yatoke kwenye matundu, ukae tena. Miezi ya mvua, Machi hadi Mei na ile ya Septemba hadi Novemba, zilizo nje usizimwagilie kabisa. Na kama baraza lako lina kivuli siku nzima, ndiyo sababu zile za bei hazijachanua. Zinataka jua la moja kwa moja, kwa muda wa saa nne au zaidi kila siku. Zisogeze polepole, usizitoe kivulini asubuhi moja ukaziweka kwenye jua la mchana, zitaungua.

Mkiga wa Kabale

Huku kwetu kwenye baridi yangu imekaa vilevile tangu niipande, haifi, haikui. Nimeiingiza ndani dirishani, sasa inatoa ua moja moja. Mzee yuko sahihi kuhusu jua.

Muuguzi wa Arua

Mzee wa Jinja amemaliza habari za mizizi, niseme kuhusu maziwa maana nimeona watu wanayachukulia mzaha.

Shangazi ana haki, ila hahitaji kung'oa. Hayo maziwa yana kemikali zinazowasha na kubabua ngozi. Wengine wanapata wekundu tu kama kijana wako, wengine malengelenge. Pakiguswa, osha kwa maji mengi na sabuni mara moja, na usiache yakauke, kwa sababu yakikauka yananata kama gundi. Nguo pia ibadilishwe, mtoto hujifuta kwenye shati kisha jioni anajifuta uso kwa shati hilohilo.

Jicho ndilo linalonitia hofu. Maziwa ya mimea ya jamii hii yakiingia jichoni yanaweza kuumiza kioo cha jicho, na ubaya wake ni kwamba maumivu mara nyingine yanazidi baadaye, si papo hapo. Mtu anaosha kidogo, anaona nafuu, analala. Asubuhi hafungui jicho. Suuza kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, ukifungua kope kwa vidole, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Na uwaambie ni maziwa ya mmea gani, ikiwezekana piga picha ya mmea. Usitie maziwa ya ng'ombe, usitie ya mama anayenyonyesha, usitie asali. Nimeviona vyote.

Wakati wa kukata: glavu nene, miwani yoyote uliyo nayo, na usikate tawi lililo juu ya uso wako. Mbwa na paka wakitafuna wanaugua pia. Mbuzi ana akili zaidi, haugusi.

Jambo jingine kwa sisi tulio karibu na Nile na Ziwa Albert. Kuna watu wamesikia kwamba maziwa ya mmea huu yanaua konokono wa kichocho, na ni kweli watafiti wa Brazil wameyachunguza kwa kazi hiyo, dhidi ya konokono wa jamii ya Biomphalaria, ambao ndugu zao ndio wanaobeba kichocho cha tumbo kwenye maji ya huku kwetu. Lakini hayo yalikuwa majaribio ya kitaalamu, wakipima kipimo kidogo sana. Usichukue ndoo ya matawi ukaimwaga penye watu wanateka maji. Ukoo huu umezoeleka pia kwa kulevya samaki, waulize wazee kuhusu mnyaa.

Mtu wa Moroto

Nakubaliana na yote ila naogopa Bint Bombo atatoka kwenye maji kila jioni aingie kwenye kutomwagilia kabisa, maana shemeji naye anasubiri ashinde.

Mimi niko Karamoja, jangwa lenyewe mnalolisema. Kiangazi kikishika huku taji la miiba lililoachwa bila maji linabaki miiba mitupu, na kwenye kopo dogo linakunjamana shina mpaka linakufa. Linavumilia kiu, si kwamba linaipenda. Langu nalimwagilia wakati wa jua kali na linachanua wakati wenzake wote wamelala. Anayetaka mmea usiotaka kuangaliwa kabisa apande ile mikubwa inayofanana na kinara cha mishumaa, ile inayojaa Hifadhi ya Queen Elizabeth kule magharibi. Nayo ni ya ukoo huuhuu, maziwa yake ni makali zaidi, kwa hiyo shangazi asiambiwe.

Pia tazama kwenye makutano ya miiba na shina kama kuna vitu vyeupe kama pamba. Hao ni vidung'ata. Huku kwa sababu ya ukavu wanapenda sana. Pamba iliyochovywa kwenye spiriti inatosha, mmoja mmoja, ingawa kupitisha vidole kati ya hiyo miiba ni adhabu. Natumia kijiti.

Bint Bombo

Asanteni sana, Mungu awabariki. Mzee, nimemimina jerikeni zote leo asubuhi, majirani wakatoka kuangalia.

Tundu lilikuwepo, moja, katikati, kama ulivyosema, na lilikuwa limezibwa na udongo uliogandamana kama keki. Ule uliolainika mizizi yake haikuwepo, ulikuwa umesimama kwa kuegemea tu. Nimekata mpaka peupe, nimepata vipande vitatu vizuri, viko kivulini juu ya ungo. Mingine miwili shina ni gumu, mizizi nusu nyeusi nusu nyeupe. Je, hiyo nikate mizizi myeusi au niache? Na majivu ya jikoni nipake kwenye vidonda? Jirani anasema majivu yanakausha.

Kijana wangu amesomewa maneno ya muuguzi yote. Amesema hagusi tena, ila anataka kujua kama hii ndiyo miiba aliyovikwa Yesu. Mwalimu wao aliwaambia hivyo siku ya Ijumaa Kuu.

Mzee wa Jinja

Mizizi myeusi inayovunjika ukiivuta kidogo, ikate. Nyeupe na ile ya rangi ya udongo iliyo migumu, iache. Kisha iache mimea hiyo miwili kivulini bila udongo siku chache, majeraha yafunge, upande kwenye mchanganyiko mkavu, na usitie maji kwa wiki nzima. Najua mkono utawasha kutaka kumwagilia. Mtume mtu mwingine sokoni na hilo birika.

Majivu kidogo kwenye kidonda si mbaya, ila si lazima. Hewa inafanya kazi hiyohiyo. Vumbi la makaa ni bora kuliko majivu, majivu yakizidi yanachoma.

Kuhusu swali la kijana: wengi wanaamini, na makanisani unauona umepandwa kwa sababu hiyo. Lakini mmea wa Madagaska kuwa Yerusalemu wakati ule ni safari ngumu kuielezea. Wanaochunguza mimea ya kule mara nyingi wanautaja mkunazi, ambao unaota huko kwa asili na una miiba ya kutosha. Mwambie amuulize mwalimu kwa adabu.

Vipande vyako vikitoa majani mapya juu, mizizi imeshika, usivivute kuangalia. Kama bado pana pengo ukutani mbuzi wanapopita, kata vipande vya ile ya ukutani, vikauke vilevile, uvichomeke hapohapo kwenye kifusi, sentimita 30 hadi 45 kati ya kimoja na kingine, bila samadi. Ila hivi vya maua mapana usivipeleke barabarani, vitaibiwa.